Fahali wa Buchani na Safari ya Chiriku

Kwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu, na kabla sijasema langu nijue kwanza magoti yako yanaendeleaje, maana mara ya mwisho yalikuwa yanalia kama bawaba za mlango mkongwe. Wajukuu zako hawajambo? Na yule jirani yako, mmepatana au bado mnapishana uani kama paka? Sisi huku wazima. Mimi hasa mzima kupita kiasi. Vijana wa mtaa wananiita Mzee Chuma, nami siwakatazi, kwa nini nimkataze mtu kusema kweli?

Najua unajiuliza kaka yako amepatwa na nini hata akuandikie barua wakati simu anayo. Kwenye simu, Kitinda, hunipi nafasi. Nikitia neno moja wewe umeshatia kumi na umeshakata. Karatasi haikatizwi. Halafu nyumba hii ina kuta nyembamba, na yale ninayotaka kukwambia Chiriku hapaswi kuyasikia.

Habari zenyewe ni zake huyo huyo mjukuu wetu. Unamjua tangu nilipomchukua baada ya mama yake kufariki, mtoto mdomo haupumziki, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Sasa amemaliza chuo kikuu hapa na anataka shahada ya pili, ng'ambo, ya historia ya sanaa. Nilimuuliza hiyo ni kazi gani. Akasema ni kusoma picha: nani alizichora, alimchorea nani, kwa rangi gani na kwa sababu gani. Nikamwambia mambo hayo ningemfundisha mimi bure, akiwa amekaa hapa hapa kwenye kigoda. Akacheka, akasema mimi ningemfundisha majibu, kule watamfundisha maswali nisiyopenda kuulizwa.

Basi tukaanza kuomba. Nasema tukaanza kwa sababu nilikuwapo. Kumbe kuomba chuo cha ng'ambo si kwenda mlangoni ukapiga hodi. Kuna mtihani wa Kiingereza, hata kama umesoma kwa Kiingereza maisha yako yote. Kuna insha ya kujieleza, aliyoiandika na kuifuta mpaka nikadhani anafua nguo. Na kuna wahadhiri wa kumpendekeza. Hapo nikasema mimi pia nimpendekeze. Aandike kwamba babu yake, fundi wa mabango wa kwanza mtaa huu, anathibitisha kuwa binti ana akili na hachelewi kuamka. Akaniambia kwa adabu kwamba nafasi za wapendekezaji zimejaa. Nilinuna, lakini si sana.

Chuo kikamkubali. Nikatoka barazani nikatangaza mpaka kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu. Kurudi ndani namkuta Chiriku amejiinamia. Barua ilisema amekubaliwa, ila ada ajitegemee, na mwanafunzi anayetoka nje hulipa zaidi ya mwenyeji. Nikasema hao watu wanakualika karamuni kisha wanakwambia uje na chungu, kuni na nyama yako mwenyewe.

Lakini huyu mtoto kichwa kigumu, sijui amekirithi kwa nani. Akatafuta mfuko wa ufadhili unaomlipia mtu kila kitu, ada, chumba na ndege ya kwenda na kurudi. Wanaochaguliwa ni wachache, na kila mwombaji anaandika makala juu ya sanaa anayoijua. Sasa kaa vizuri, Kitinda. Katika picha zote za dunia hii, Chiriku aliandika juu ya mabango yangu. Na zaidi ya yote juu ya yule fahali niliyemchora ukutani pa bucha, yule ambaye wewe ulisema ana macho ya baba.

Wenye mfuko wakaipenda makala. Wakamwita kwenye mahojiano ya kompyuta, wakataka atume kwanza picha za karibu za ule ukuta. Chiriku akaenda mjini kuazima kamera nzuri kwa rafiki yake.

Nami nikafikiri. Fahali wangu alikuwa amebanduka mgongoni, kapauka, pembe moja haionekani, na chini ya tumbo lake kimeanza kuchungulia kiatu, maana pale zamani palikuwa kwa fundi viatu na bango lake pia nililichora mimi. Maprofesa wa ng'ambo wamwone fahali wa namna hiyo? Mgeni akija hufagii? Nikachukua ngazi na brashi, nikampaka upya kuanzia kwato mpaka masikio, na maandishi ya NYAMA SAFI nikayakoleza nyekundu. Mwenye bucha alifurahi, rangi haikuwa yake.

Chiriku akarudi na kamera. Kumbe alichokuwa ameandika ni hicho hicho kiatu. Makala nzima ilikuwa juu ya jinsi mtaa wetu unavyopaka kazi mpya juu ya kazi ya zamani, na jinsi ile ya zamani inavyokataa kufa. Nami nilikuwa nimeizika.

Nilingoja anililie au anifokee. Alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta, akafuata herufi kwa kidole, akaniuliza nilisimama wapi nikipaka na kama jua lilikuwa usoni. Nikamjibu kwamba ngazi ilikuwa mbovu. Akasema sawa, babu.

Siku ya mahojiano aliwaambia ukweli mtupu. Akawaonyesha picha ndogo aliyowahi kuipiga kwa simu zamani, kiatu kinaonekana kidogo, halafu akawaonyesha fahali mpya. Nilikuwa nimekatazwa kuonekana, lakini nikaona si heshima watu wanitaje nami nimejificha kama mwizi wa kuku. Nikaingia kusalimia, nimevaa shati na tai. Suruali sikuvaa, nilikuwa na kaptula ya kazi, nilidhani wanaona juu tu. Nikainama kwa heshima, nikarudi nyuma, wakaona yote. Bibi mmoja mwenye mvi alicheka mpaka akavua miwani, akamuuliza Chiriku kama alinikasirikia kwa ule ukuta. Chiriku akajibu, na baadaye akanitafsiria, kwamba aliandika kuwa hapa kwetu fundi hupaka juu ya kazi ya jana, basi angewezaje kumkasirikia fundi kwa kufanya alichokiandika?

Wakampa. Ufadhili wote, mdogo wangu, hakuna atakacholipa. Nilikuja na soda za mtaa mzima.

Naye akasema haendi.

Alianza kwa kuwaomba aende mwaka ujao. Wakajibu kwamba nafasi hii haiwekwi akiba, akubali kabla mwezi haujaisha au apewe mwingine. Nikamuuliza ana wazimu gani. Ndipo akaniambia alichokiona siku ile akiwa pua ukutani. Pembe ya fahali haikushika kichwa. Herufi zilianza vizuri zikateremka kama zinashuka mlima. Na upande wote wa kushoto kulikuwa na mabaka niliyoyaruka bila kujua. Mkono wako haujachoka, babu, alisema, ni macho.

Sasa nakwambia wewe ambalo sijalikiri kwa mtu, na ukisema "nilijua" nitaichana barua yako ya majibu. Ni kweli. Sioni vizuri, Kitinda. Ukisimama kushoto kwangu hupo. Barua hii naiandika kwa brashi ndogo ya herufi, ndiyo maana imekuwa kurasa nyingi hivi na bahasha imevimba. Chiriku alinipeleka kwa daktari wa macho, akasema ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kitalindwa na dawa ya matone, asubuhi na jioni bila kukosa. Nimejaribu kujitia mwenyewe. Shavu ndilo linalopona.

Nilimwambia aende tu, nitamwona kinyozi, nitamwona mwenye bucha, mtu wa kunitia matone hakosi. Akaniangalia, akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Babu, wewe hujawahi kumwomba mtu hata maji ya kunywa. Nikiondoka utakaa humu na kiburi chako mpaka mkose kuonana." Nimekaa na maneno hayo tangu juzi.

Kwa hiyo nakuomba. Njoo ukae na mimi. Wajukuu zako wana mama yao, nyumba yako ina mlango na kufuli, nami nina chumba cha uani chenye dirisha la asubuhi. Nimekipaka rangi. Ukiona mabaka upande wa kushoto, nyamaza. Magoti yako hayatapanda ngazi yoyote hapa, kazi yako itakuwa kunishika kichwa na kunitia matone, na ukitaka kunisimanga unisimange wakati huo huo, nikiwa siwezi kukimbia.

Ukikubali, mpigie Chiriku, usinipigie mimi. Mwambie umechoka kukaa peke yako, kwamba ni wewe uliyefikiria kuja.

Hapana. Usimwambie hivyo, hatasadiki. Mwambie, "Kaka yangu ameniomba." Sema neno hilo hilo, ameniomba. Atakuuliza mara mbili kama ni kweli, wewe mwambie barua unayo mkononi. Kisha ataanza kufunga sanduku.

Wasalimie watoto wote, na jirani yako umpe salamu hata kama hazitaki. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Fundi wa mabango, anayekungoja.