Chumba cha Chai Nimekichukua, Mtani

Mtani wangu Manyama,

Kwanza usijibu. Ulikuwaga na tabia ya kunikatiza kabla sijafika kwenye utamu, na sasa nafasi hiyo huna. Leo nasema mpaka mwisho, na wewe utanisikiliza kama mtu mwenye adabu, kwa mara ya kwanza.

Sheli yako ipo palepale barabara ya Kisorya. Pampu ya dizeli bado inakohoa kama ulivyokuwa unakohoa wewe. Mama Magesa hajambo, amepungua kidogo. Amehamia Musoma kwa binti yenu, pale Iringo, anasema nyumba isiyo na makelele yako inamtisha. Mwanao Magesa ndiye bosi. Anavaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba.

Sasa kaa vizuri. Kama umelala chali, geuka.

Magesa alitaka kufungua duka la pombe hapohapo shelini. Pombe kali, chupa ndogo za kuingia mfukoni, rafu mpaka darini, na viti nje karibu na pampu. Na chumba alichochagua ni kile cha chai. Chumba chetu, Manyama! Aling'oa benchi letu akalitupa nyuma kwenye matairi mabovu, akaleta friji ya kioo ndefu kuliko mimi. Juu ya mlango akachoresha chupa. Nilipoiona nikajua fundi ni mlokole, maana chupa haikuwa na shingo.

Mtaa ukawaka. Watoto wa shule ya ng'ambo wanavuka kuja kuchota maji kwenye bomba lako. Vijana wa bodaboda wanajaza mafuta hapo. Madereva wa dagaa wanatoka kivukoni wakiwahi soko. Akina mama wakawa wanasema, "Mtu atajaza tanki, atajaza na tumbo, halafu atakutana na watoto wetu barabarani." Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Lakini siku ya mkutano wale wale waliokuwa wanapayuka sokoni wakaongea kwa sauti ya kanisani. Siwalaumu. Mwanao ana roho nzuri, mgonjwa wa mtaa huu akizidiwa usiku, gari la Magesa ndilo linampeleka hospitali. Utamkemeaje mtu kama huyo?

Akasimama akaeleza vizuri, shule uliyomlipia inaonekana. Mafuta hayalipi kama zamani, alisema, na ile sheli mpya ya Bunda mjini ina taa kama ukumbi wa harusi. Wageni wa kivuko wanataka kinywaji. Kisha akanigeukia huku anacheka: "Mzee mtani, wewe umezunguka dunia, waambie. Si ndiwe utakuwa mteja wangu wa kwanza?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Wananijua. Mimi Bwire nimeendesha lori mpaka Kampala, mpaka Lubumbashi, na Tunduma kuna baa wananiita mjomba hadi leo. Darasa la tano niliishia mlangoni, lakini kuagiza bia naweza kwa lugha saba na ya nane natumia mikono. Kila mtu alijua nitasema, "Leta hata kesho!"

Nikasimama nikavuta suruali.

"Ndiyo, mteja wako wa kwanza ni mimi," nikasema. "Na ndiyo maana nakataa. Huyo mteja namjua, nalala naye kitanda kimoja. Akinywa mbili anajiona dereva kuliko madereva wote wa Afrika. Ukimwekea chupa karibu na usukani, atashika vyote viwili."

Nikawakumbusha ile siku nilipotoka Buhemba na lori, nimelewa, naimba, nikaingia shelini kwako nikakosa pampu kwa upana wa kiganja. Ulichomoa funguo zangu ukanikalisha kwenye benchi. "Chai kwanza, ujinga baadaye." Nikakutukana ukoo mzima, mtani hatozwi faini, na wewe ukawa unaongeza tangawizi tu. Ulikuwaga hivyo kwa kila mtu. Anayenuka pombe hapati mafuta mpaka kikombe kiwe kitupu na kichwa kimerudi. Wengine walikuita mchawi wa majani ya chai. Wote walikunywa.

Hapo Nyabise, yule mama wa dagaa, akanyanyuka na kanga yake: "Mume wangu yupo hai kwa sababu ya ile chai! Na huyo hapo amejikunyata nyuma, anajifanya haelewi tunaongea nini!"

Kukawa na makelele, kila mtu na siku yake ya chai. Magesa akainua mkono. "Baba alikuwa baba," akasema. "Sasa chumba ni changu."

Basi nikamkumbusha mazishi yako.

Unakumbuka nilivyofanya? Utakumbuka, ulikuwa unasubiri kushushwa. Niliruka kaburini kabla yako, nikajilaza, nikasema hapa pananitosha, sitoki mpaka ukoo wa wachoyo unikomboe. Wakaleta jogoo, nikasema huyo ni ndege wa mapambo. Wakaleta mbuzi, nikauliza kama na yeye ni mfiwa, mbona amekonda. Magesa analia na kucheka pamoja, akasema mbele ya watu wote: "Mtani, toka. Utachukua kitu chochote cha baba, siku utakayotaja mwenyewe." Hata hivyo sikunyanyuka, wakashuka wanaume wanne kunitoa.

"Siku yenyewe ni leo," nikamwambia. "Nataka chumba cha chai."

Dada yako aliyetoka Butiama, yule shangazi mwenye sauti ya king'ora, hakungoja: "Toa funguo, Magesa! Ulitamka mbele ya maiti!"

Mwanao akavua miwani. Manyama, ana macho yako, sikuwa nimeyaona tangu ufe. Akaniwekea funguo mkononi. "Chumba chukua, mtani," akasema. "Lakini maombi yangu ya leseni bado yapo halmashauri." Nikamjibu yaendelee tu, yatafika yatanikuta nimekaa.

Na nimekaa. Benchi limerudi, chupa ya mlangoni nimeikwangua kwa kisu. Ndani ya friji Nyabise anaweka maziwa ya mgando, yanauzika kuliko nilivyodhani. Chai napika mwenyewe. Ni mbaya. Madereva wanasema hii si chai, ni adhabu, nami nawajibu ndiyo kazi yake. Bia sijaacha, usije ukajivuna huko. Siku nikienda, naenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, funguo za gari anakaa nazo mke wangu.

Magesa anakuja asubuhi, anakunywa kikombe chake bila neno, anaondoka. Juzi akasema, "Tangawizi haitoshi." Nikageukia jiko haraka, moshi ukaniingia machoni. Tuseme ulikuwa moshi.

Kuna jambo nakwambia wewe tu. Kule kaburini sikubaki chini kwa sababu ya mbuzi. Nilikuwa nalia. Nilijilaza ili kuwachekesha wanao, nikagusa udongo ule wa baridi, nikaelewa ni nani analetwa kulala hapo. Mtani akitoka kaburini analia, nani atawashika wafiwa? Nikajifunika uso na kofia, nikaendelea kuwatukana.

Sasa lala, mla vichwa vya samaki wewe. Nakuahidi, maadamu mimi nipo hai, hapa atakayenuka atakunywa chai kwanza, awe dereva, awe diwani, awe Magesa, awe mimi. Hata leseni ikija na mihuri yote, nitakuwa kwenye benchi. Kunitoa kwenye kaburi lako kulihitaji wanaume wanne. Kunitoa humu waje ukoo mzima, na waje wakiwa hawajanywa kitu.

Mtani wako,
Bwire