Skrini Inayorudi Dukani

Mama, chai iko kwenye chupa. Usiiongezee sukari.

Nilikuwa naimimina asubuhi Kaka aliposema, "Kati ya hizi skrini mbili tulizochukua kujaribu, turudishe ile ya michezo, tubaki na ile pana. Mdogo wangu ni wa kuandika ripoti tu, michezo ataijulia wapi?" Mkacheka. Nikaendelea kumimina.

Basi nimebeba ile pana, nairudisha dukani. ~~Mnisamehe.~~ Siombi msamaha. Ile ya michezo iliyobaki mezani haiweki ukungu mpira ukienda kasi, na ripoti zangu zinasomeka vilevile. Msichomoe waya.

Kaka, yule "Jini" anayekufunga mtandaoni kila Jumamosi mpaka unatupa pedi ya kuchezea? Huwa yuko chumba cha pili, Kaka. Ni mimi.

Mdogo wako