Chumba cha Mama Nekesa

Jumatatu, 3 Machi
Maji yameingia tena. Nimeyasukuma nje kwa fagio, nimemwaga dawa, nimepika uji. Uji unanuka choo. Kila kitu kinanuka choo. Mjukuu wangu Akoth amekataa kula. Mama yake yuko kazini Nakuru, aliniachia mtoto akijua yuko salama.

Chanzo tunakijua sote. Manholi ya laini yetu, safu hii ya nyumba, pale mahali pa kuzibulia bomba la maji taka, imekaliwa na chumba cha mabati cha Mzee Wafula. Bomba likiziba, hakuna pa kuingilia. Uchafu unarudi kwetu. Nyumba ni za kaunti, uwanja ni wa kaunti, chumba ni cha Wafula. Alimjengea mkewe, Mama Nekesa, alipopata kiharusi, kwa kuwa nyumba yao ni finyu. Mama analala humo mchana na usiku.

Nimefika kiwanda cha nguo, mtaa wa Baba Dogo, nikiwa nimechelewa. Supavaiza amenifokea mbele ya kila mtu. Cherehani yangu ilikuwa imepewa mwingine.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeenda kwa Wafula. Nimeenda kwa heshima, na kitambaa kichwani. Alikuwa mtu wa reli, sasa ni mzee wa kanisa, anapenda kusalimiwa kwa mikono miwili. Nimemsalimia hivyo.

Nimemwomba asogeze chumba, hata hatua chache tu.

"Rispa, inua kizingiti chako," akasema. "Mimi mgonjwa wangu nimlaze wapi? Juu ya paa?"

Nikamwambia nitaenda kaunti. Akacheka.

"Nenda. Wakija watabomoa hata hicho kijiko chako."

Analiita jiko langu kijiko. Ni kweli, nimelijenga kwa mabati nje ya mlango, bila ruhusa ya mtu. Kila nyumba hapa ina kitu kama hicho. Lakini langu halijaziba njia ya mavi ya watu.

Ninamchukia. Sijui niandike neno gani lingine.

Jumanne, 11 Machi
Nimeomba ruhusa, nimeenda afisi ya wadi. Msichana wa pale hakuinua uso kutoka kwenye simu. Akasema hii si yetu, nenda watu wa maji. Watu wa maji: hatuwezi kuvunja chumba, nenda watu wa nyumba. Watu wa nyumba: bwana mmoja mwenye tai, anakula maandazi.

Nikamwambia nyumba ni yenu, kodi nawalipa, ni haki yangu kuishi bila kukanyaga kinyesi cha jirani.

Akafuta mafuta vidoleni. "Na wajibu wako, mama? Wewe hujajenga kitu nje?"

Nikaangalia maandazi yake.

"Basi andika malalamiko. Ukiandika, tutakuja. Lakini tukija, tunakuja kwa wote."

Nimeandika. Nimetia sahihi.

Jumamosi, 15 Machi
Baraza uwanjani. Chifu, yule bwana wa tai, msaidizi wa mwakilishi wadi. Wakauliza nani ana shida ya maji taka. Nikasimama. Peke yangu.

Mama Brayo anaishi mlango wa pili kutoka kwangu. Kila asubuhi tunasukuma uchafu pamoja, fagio kwa fagio. Akaulizwa kama maji yanaingia kwake.

"Kwangu? Hapana. Mimi nimezoea hapa, sina maneno."

Watu wakacheka. Mtu akapiga kelele nyuma, "Huyo anataka kuuza estate!" Mzee Wafula alikuwa ameweka kofia magotini, ameinamisha kichwa kama mtu anayeonewa. Wanawake wakampa pole.

Nimerudi nyumbani nikavunja sahani. Makusudi.

Jumatano, 19 Machi
Majirani wamebadilisha kufuli ya choo chetu cha pamoja. Kila nyumba ya laini imepewa ufunguo mpya isipokuwa mimi. Natumia ndoo.

Akoth anaharisha.

Ijumaa, 21 Machi
Akoth amelazwa. Hana hata nguvu ya kulia. Nesi akauliza, "Mnaishi kwa mazingira gani, mama?" Nikajibu. Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyemlisha ule uchafu.

Nimetoka hospitali moja kwa moja mpaka kwa bwana wa tai. Nimekaa kwenye benchi lake mpaka afisi ikafungwa. Jumatatu nitakaa tena. Atanizoea.

Alhamisi, 27 Machi
Wamekuja na rangi nyekundu. Alama ya X kwenye chumba cha Wafula. X kwenye jiko langu. X kwenye kibanda cha kuku cha Mama Brayo, X kwenye kiduka cha kona. Laini nzima. Ilani ni ya wiki moja.

Mama Brayo amekuja mlangoni kwangu na kutema mate. Si karibu na mlango. Mlangoni.

Nimeng'oa mabati yangu mwenyewe jioni. Nimepikia sakafuni, kando ya kitanda.

Jumatano, 2 Aprili
Wote wamebomoa vyao isipokuwa Wafula. Anawaambia watu kanisani kwamba hakuna serikali inayoweza kumbomolea mgonjwa. Wanamwitikia. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, mzee, tukusaidie kumhamisha mama.

Hata mimi. Nilipita pale na ndoo yangu, nikamwona mama kupitia mlangoni, jicho moja liko wazi linanifuata. Nikaendelea kutembea. Nilitaka waje wamkute Wafula hivyo hivyo. Nilitaka aaibike.

Ijumaa, 4 Aprili
Wamekuja asubuhi. Kanjo wengi, wale askari wa kaunti, mafundi wa bomba, lori. Wafula akasimama mlangoni na Biblia. Wakamsogeza kama kiti.

Wawili wakaingia wakamtoa Mama Nekesa na godoro lake. Mmoja wao akauliza, "Tumweke wapi?" Laini nzima ilikuwa nje, wale wote wa pole, wote mikono kifuani. Wakamweka chini. Pale chini palikuwa na maji. Godoro likaanza kunywa. Gauni lake la kulalia likapanda, likaganda kwenye nyama. Mkono wake mmoja ulio mzima ukawa unajaribu kulishusha, haufiki.

Wafula akapiga magoti ndani ya uchafu, akamfunika kwa koti lake. "Nisaidieni kumwinua," akasema. "Ndugu zangu, nisaidieni."

Watu walikuwa wanapiga picha.

Nikaenda. Sikwenda haraka. Tukamwinua, mzee na mimi, tukamwingiza ndani kwao. Hakunitazama. Hakusema asante, na mimi sikuitaka.

Nyuma yetu wakafungua manholi. Nikasikia maji yanashuka, mlio mkubwa, kama ng'ombe anakunywa. Nikafurahi. Mikono yangu ilikuwa bado chini ya makwapa ya mgonjwa, na nikafurahi.

Jumapili, 6 Aprili
Akoth amerudi nyumbani. Sakafu imekauka. Sakafu za wote zimekauka. Mama Brayo ameanika mazulia yake, anaimba. Hanisalimii.

Jumanne, 15 Aprili
Mama Nekesa amefariki. Mapafu, wanasema. Wengine wanasema ni mimi, na wanasema kwa sauti nisikie.

Matanga ni kwa Wafula. Nilipeleka sukari na majani chai. Mama Brayo akazipokea mlangoni, akazirudisha mikononi mwangu.

Jumapili, 27 Aprili
Wafula amerudi kutoka mazishini, kwao magharibi mwa nchi. Amekuja kukusanya vitu tu, anahamia kwao kabisa. Alipita kwangu kabla ya kanisa. Hakuingia. Nilikuwa nafua nguo za Akoth.

Akaangalia chini, pale uwanjani, palivyo pakavu.

"Pamekauka," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mama alikuwa analalamika harufu. Kila siku. Maneno hayatoki vizuri, lakini hilo nilikuwa nalisikia. Mimi namwambia, vumilia."

Maneno machache aliyobaki nayo ndiyo aliyoyatumia kwa hilo. Na mimi, katika afisi zote nilizokaa, sikuwahi kumtaja Mama Nekesa.

Nikamwuliza kama atakunywa chai. Akasema ana gari la saa nne.

Nimeanika nguo. Jua ni zuri leo.