Lowesha Kabla ya Kupima

3 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Hapa wodini hatujambo kwa mdomo tu. Kidole gumba cha mguu kimekuwa cheusi. Daktari anasema mshipa wa damu chini ya goti umeziba, na mishipa yangu mingine imechakaa, hakuna wa kuhamisha. Tarehe kumi na mbili ataniwekea wa ndama kutoka maabara yenu. Ukishindikana, mguu unakatwa. Fundi wa cherehani ya kukanyaga bila mguu ni nani?

Naogopa, mama. Hivi huko mnaulowesha kabla ya kupima? Kitambaa kipya hunywea.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo baba,

Natumai maumivu yamepungua. Mimi mzima. Usihofu kuota pembe: tunaufua mshipa siku kumi mpaka chembe hai zote za ndama zitoke, unabaki utando mtupu. Wako niliuandaa mwenyewe.

Swali lako lilinichekesha, kisha kicheko kikakatika. Sisi tunapima ukitoka kwenye dawa baridi. Hatujawahi kupima ukishapata joto la mwili. Nikachukua kipande kilichobaki, nikakilowesha kwenye maji ya chumvi vuguvugu. Baada ya siku mbili tundu limebaki nusu. Baba, usikubali! Simu ya wodi haipokelewi, nimempa barua hii dereva anayeleta dawa huko. Mwonyeshe daktari.

Mwanao

17 Machi

Mama,

Nakusalimu, nikiamini unakula na unalala. Barua yako ililala stoo ya dawa, ikanifikia juzi. Nimeisoma mshipa wako ukiwa tayari mguuni mwangu.

Wanasema yaliyopita si ndwele. Haya ni ndwele kweli. Kila asubuhi muuguzi anagusa kifundo cha mguu wangu kutafuta mapigo. Jana aliyapata upesi. Leo alitafuta muda mrefu, akasema "yapo" bila kunitazama. Daktari amesoma barua yako. Tarehe ishirini na mbili anafungua tena, anataka mshipa mwingine. Uulete mwenyewe, usimpe dereva.

Mzee wa kitanda cha jirani naye ana mshipa wa kwenu, na Jumatatu anaruhusiwa kwenda nyumbani. Ameniuliza kwa nini nalia. Nimemwambia tu kwamba binti yangu anakuja, ana neno naye.

Lowesha kwanza, mama. Halafu pima.

Baba yako