Mutua na Chumvi ya Marereni

Shikamoo Mama,

Nimefika Marereni salama, ingawa jua la huku halina huruma. Unajua nilikuja kumwambia Mutua aache kazi ya chumvi turudi nyumbani. Jana nikampelekea chakula kazini. Nilimkuta miguu ndani ya maji, akivuta chumvi kwa reki hadi ikawa kilima cheupe cha kuumiza macho.

Wenzake wakaniambia, “Shemeji, hapa hakuna mkono kama wa mumeo.”

Alichota chumvi safi kidogo, akanyunyizia samaki niliyempelekea, akauliza kwa haya, “Umeionaje kazi yangu?”

Nikaonja samaki, nikalimeza pamoja naye lile nililolijia. Mama, usiningoje Jumapili. Nimemwomba anitafutie kazi na mimi. Kuku wangu wote sasa ni wako.

Akupendaye,
Mwende