Jina la Paluku katika Albamu Mpya

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za Beni. Nakuandikia nyuma ya picha ya wale marapa wawili tuliowapenda tangu shule. Sasa wana mvi, bado wanajirekodi wenyewe nyumbani, na leo mchana walizindua albamu mpya katika ukumbi wa parokia.

Unakumbuka walivyokuwa wakitaja nyimboni matajiri waliowanunulia bia? Katika wimbo wa mwisho ngoma ilinyamaza, wakaanza kutaja majina. Mfanyabiashara mmoja akapaza sauti: "Bazee, munitaje na mimi, bia iko!"

Mkubwa wao akajibu: "Hapana, papa. Leo tunataja benye hawawezi kutupatia kitu."

Waliotajwa walikuwa watu waliouawa mashambani. Kila aliyesikia jina la mtu wake alisimama. Halafu nikasikia: "Paluku, fundi wa redio wa Butembo, mwenye kovu kwenye kidevu." Kaka yetu aliyepotea, Yaya. Nilibaki nimekaa hadi wimbo ulipokwisha.

Nilimfuata yule mkubwa mlangoni. "Nani alikuambia amekufa?"

"Mama, tulimuzika sisi benyewe, kule Mavivi. Tulijua muji tu, hatukujua kwabo. Tulimutaja ili kwabo basikie."

Kesho watanipeleka kaburini, Jumatano nitapata gari la kurudi. Mama bado anamwekea Paluku sahani, na albamu inaweza kupigwa redioni Butembo kabla sijafika. Tafadhali, ile redio aliyomtengenezea Mama, itoe betri. Nikifika tutamwambia sisi wawili, tumemshika mikono.

Nakukumbatia sana,
Kavira