Wali na Ugali Sinia Moja

Kiuyu, Pemba

Dada Zuhura mpenzi,

Salamu zangu zipokee, japo moyo hauna raha. Hitima ya Bibi tumeisoma leo, mvua ikinyesha, na wajomba zetu hawakula pamoja. Mjomba Ali kala barazani na watu wa chama chake, Mjomba Juma kala uani, bandani, na wa chama chake. Mmoja anajiita Mwarabu, mwengine Mwafrika, nao wamenyonya ziwa moja!

Nikamuuliza Mama Mkubwa, Bi Mize, haya yameanzia wapi.

"Ni mchele, mwanangu," akasema. "Wakati wa vita vya pili vya dunia Mzungu akigawa chakula kwa kabila: Mwarabu mchele, Mwafrika unga wa mahindi. Wanawe Ali hawataki ugali, basi akenda akajiandikisha Uarabu. Juma alimcheka mpaka machozi. Mie nikivipika vyote, wakila sinia moja hapa ukumbini. Sasa uchaguzi umekuja, na wao wameyaamini yale ya kwenye karatasi ya mchele."

Kumbe alikuwa ameshatandika mkeka pale pale ukumbini, akaweka sinia: upande mmoja wali, upande mmoja ugali, na bakuli la mchuzi wa pweza katikati. Akawaita kwa majina yao ya utotoni. Kila mmoja alichungulia, akamwona mwenzake, akarudi alikotoka. Alasiri kuku wakaingia, wakala.

Nibusie watoto. Wakikuuliza mababu zao wa Pemba ni kabila gani, waambie ni watoto wa mama mmoja, na uishie hapo hapo.

Mdogo wako,
Hamadi